Programu za kufuatilia matengenezo ya vali viwandani

Programu za kufuatilia matengenezo ya vali ni mifumo ya kompyuta inayotunza kumbukumbu za kila vali kiwandani, kwenye bomba la gesi au katika mtambo wa umeme: ilipo, kazi yake, nani aliipima mara ya mwisho, matokeo yalikuwaje na lini inatakiwa kupimwa tena. Kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta huwa na maelfu ya vali. Nyingi hufungua na kufunga njia tu. Zinazoangaliwa kwa jicho kali ni vali za usalama, ambazo hukaa kimya miaka mingi zikingoja siku presha itakapopita kiasi, zifunguke zenyewe na kuitoa kabla chombo hakijapasuka. Vali ya aina hii ikiganda haitoi dalili yoyote. Mtambo huendelea na kazi kama kawaida. Ni kumbukumbu za upimaji pekee zinazoweza kumwambia fundi kama kinga ipo au haipo.

Piper Alpha

Hasara ya kumbukumbu zilizotawanyika ilionekana tarehe 6 Julai 1988 kwenye Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, kaskazini-mashariki ya Aberdeen, Uskoti. Mchana wa siku hiyo vali ya usalama ya pampu moja kati ya mbili za gesi kimiminika iliondolewa ili ikapimwe. Kazi haikumalizika kabla ya zamu kubadilishana saa kumi na mbili jioni, na mdomo wa bomba ukaachwa umezibwa kwa bamba la chuma. Pampu yenyewe ilikuwa na kibali chake cha kazi, vali ikawa na kibali kingine, na vibali hivyo viwili havikuwekwa pamoja. Usiku, pampu ya pili ilipozimika, wafanyakazi wa zamu waliona kibali cha pampu ya kwanza tu. Wakaamini inaweza kuwashwa. Gesi ikavuja pale vali ilipokuwa imeondolewa, mlipuko wa kwanza ukatokea karibu saa nne usiku, na watu 167 wakafa, wawili kati yao wakiwa waokoaji.

Ripoti ya Lord Cullen, jaji aliyeongoza uchunguzi wa ajali hiyo, iliyotolewa mwaka 1990 ikiwa na mapendekezo 106, iliukosoa vikali utaratibu wa vibali na wa kukabidhiana zamu. Kwa sababu hiyo, programu hizi zisipimwe kwanza kwa uhodari wa kukumbusha tarehe. Swali la kwanza ni kama mtu wa zamu ya usiku, kabla hajawasha pampu, ataonyeshwa kwamba vali yake haipo. Mifumo iliyojengwa vizuri huunganisha kila vali na chombo inachokilinda, na kibali kimoja kikiwa wazi, vyote vinavyohusiana nacho huonekana papo hapo.

Kinachoandikwa

Kila vali hupewa namba iliyogongwa kwenye kibao cha chuma. Siku hizi mara nyingi huongezwa msimbo ambao fundi huusoma kwa simu. Chini ya namba hiyo huingizwa ukubwa wa vali, aina ya kimiminika au gesi, presha ya kufungukia na historia ya matengenezo.

Taarifa yenye thamani kuliko zote ni ile ambayo mafundi wengi huiruka: presha ambayo vali ilifungukia ilipofika karakana, kabla haijasafishwa. Tuseme vali imewekwa ifunguke kwa bar 10. Kanuni za vyombo vya presha za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, huruhusu tofauti ya asilimia 3 kwa kiwango hicho, yaani bar 0.3. Ikifunguka kwa bar 13, chombo kilikuwa kikifanya kazi na kinga pungufu, labda kwa muda mrefu. Fundi akiisafisha kwanza, kisha akaandika “imepimwa, inafaa”, ushahidi huo umepotea na hakuna programu itakayourudisha.

Matokeo hayo ndiyo huamua muda wa upimaji unaofuata. Kanuni ya API 510 ya Marekani hutaja kikomo cha miaka 5 kwa huduma za kawaida na miaka 10 kwa vitu safi visivyo na ulikaji, isipokuwa uzoefu ulioandikwa au tathmini ya hatari ikithibitisha kwamba muda mrefu zaidi unafaa.

Sheria

Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 1992 kuhusu mitambo yenye kemikali hatari inadai kila ukaguzi uandikwe tarehe, jina la aliyeufanya, namba ya kifaa, kilichofanyika na matokeo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007.

Maandishi na hali halisi

Katika ajali ya nyuklia ya Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979, taa ilionyesha kwamba vali imeamriwa kufunga. Waongoza mitambo wakaamini imefunga, kumbe iko wazi. Programu ina udhaifu uleule: neno “imekamilika” linathibitisha tu kwamba mtu amebonyeza.

Mfano mchungu ulitokea kiwandani huko Geismar, Louisiana, tarehe 13 Juni 2013. Vali zilizofungwa zilikuwa zimekitenga kipasha-joto cha akiba na vali yake ya usalama. Tathmini ya mwaka 2006 ilikuwa imependekeza vali hizo zilindwe zisifungwe. Pendekezo likahesabiwa limetekelezwa, ilhali kipasha-joto cha akiba kilibaki kimefungiwa. Kilipopashwa moto kilipasuka na kuua wafanyakazi wawili.

Kwa hiyo wakaguzi makini huenda pande zote mbili. Huchagua vali chache kwenye programu na kuzifuata hadi zilipo mtamboni, wakisoma kibao na kuangalia lakiri. Kisha huchagua nyingine huko mtamboni na kuzitafuta kwenye programu. Vali iliyopo mtamboni lakini haimo kwenye programu ndiyo inayowatia wasiwasi zaidi, maana haina tarehe ya kuchelewa na haitatokea kwenye orodha yoyote.