Kuchoma video kwenye DVD

Kuchoma video ni kugeuza faili la video la kompyuta liwe katika muundo unaosomwa na deki, kisha kuliandika kwenye diski tupu. Nchini Tanzania ilikuwa kazi ya vibanda vya video na ya wapiga picha za harusi, kuanzia Kariakoo hadi kata za Tanga kama Nguvumali.

Kunakili faili la AVI au MP4 peke yake hakutoshi; deki nyingi za zamani hulikataa. DVD ya video hutaka picha iliyobanwa kwa MPEG-2, na katika mfumo wa PAL uliozoeleka Afrika Mashariki huwa na nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Programu hugeuza picha na sauti, huzipanga katika mafaili ya VOB ndani ya folda ya VIDEO_TS, ndipo diski ichomwe na kufungwa. Diski ya tabaka moja hubeba GB 4.7, takriban saa mbili za picha safi. Harusi ya saa sita ikilazimishwa humo, nyuso za maharusi huvunjika vijiraba, na lawama humwangukia mpiga picha. VCD, aina ya diski ya video ya mwaka 1993, huchukua kama saa moja na robo tu. Ndiyo maana filamu nyingi za VCD ziliuzwa kwa diski mbili.

Kuchoma kazi ya mwingine bila idhini kunakatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa deki zenye tundu la USB, kuchoma si lazima tena, kwani husoma mafaili mengi bila kugeuzwa.