Mavi ya Farasi, Saladi ya Januari

Sisi wa Nairobi hatuna sababu ya kuotesha nyanya sebuleni. Unasia mbegu kitaluni, mvua ikikaribia unahamisha miche, basi. Lakini kuna nchi ambako ardhi huganda hadi Machi au Aprili. Ukingoja baridi iishe ndipo usie, kiangazi kitaondoka nyanya zikiwa bado mbichi. Kwa hivyo watu wa huko huanza mbegu ndani ya nyumba, wiki sita au nane mapema, kwenye vikopo vya dirishani. Nilipoanza kusoma historia ya jambo hili (niliacha chuo, siku hizi nasoma ninachotaka), nilitarajia hadithi ya wamama na vikopo vyao. Nikakutana na kaizari, halafu na mavi.

Kaizari ni Tiberius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 14 hadi 37. Mwandishi Pliny anasimulia kwamba jamaa alipenda matango hivi kwamba hayakukosa mezani hata siku moja. Watunza bustani wake waliyapanda kwenye matuta yenye magurudumu, wakayasukuma juani, na wakati wa baridi wakayarudisha chini ya vifuniko vya jiwe linalopitisha mwanga. Hebu hesabu mikono iliyohitajika kwa tango moja. Pliny hataji jina la hata mmoja wao.

Lakini Paris ya karne ya 19 ndiyo iliyonishika. Ndani na pembezoni mwa mji waliishi wakulima walioitwa maraîchers, jina linalotokana na neno la Kifaransa la kinamasi, maana ndiko kilimo chao kilikoanzia. Mwaka 1845 wawili kati yao, Moreau na Daverne, walichapisha kitabu kizima cha kueleza kazi hiyo. Jiko lao lilikuwa samadi mbichi ya farasi, ikiwa imechanganyika na nyasi za zizini. Irundike, iloweshe kiasi, ikanyage: vijidudu vinaanza kuila na rundo linapata moto. Siku za kwanza moto huo unaweza kuunguza mizizi, kwa hivyo unangoja utulie. Kisha udongo kidogo juu, mbegu, na kifuniko cha kioo chenye umbo la kengele. Usiku walifunika vioo kwa mikeka ya nyasi, asubuhi waliiondoa. Jua likichomoza kidogo tu, kila kengele iliinuliwa upande mmoja kwa kijiti ili miche isiive ndani. Kengele mamia kwa mamia, moja baada ya nyingine, kwa mkono, kwenye baridi. Ndivyo matikiti yalivyoanzishwa nje kukiwa na barafu, na ndivyo wadosi wa Paris walivyokula saladi Januari.

Kabla ya alfajiri mkokoteni ulipeleka mboga kwenye soko kuu, Les Halles. Ulirudi umejaa samadi kutoka mazizi ya mjini. Yaani farasi waliovuta mji ndio waliopasha moto mboga zake.

Peter Kropotkin, Mrusi wa ukoo wa kikabaila aliyegeuka mpinga serikali, alifungwa Ufaransa miaka ya 1880. Akiwa gereza la Clairvaux, yeye na wenzake walilima kipande chembamba kando ya ukuta na kupata saladi na figili za kumwaga. Baadaye, katika kitabu chake cha 1899, aliwasifu sana wakulima wa Paris, na humo kuna jambo ambalo nimelisoma mara tatu. Samadi ya miaka mingi ilikuwa imegeuka udongo mweusi ambao hawakuukuta pale, na mikataba yao ya kukodi iliwaruhusu kuondoka nao. Mpangaji anahama na ardhi yake! Mwenye nyumba wangu wa mwisho alibaki hata na dipositi. Kropotkin aliona hapo ushahidi kwamba mji unaweza kujilisha. Sikatai, ila mimi nikisoma naona migongo.

Halafu farasi wakaondoka. Basi la mwisho la farasi mjini Paris lilifanya safari yake Januari 1913. Magari hayatoi samadi. Reli nazo zilikuwa zikileta mboga kutoka kusini kwenye joto, na mji uliokuwa ukipanuka ulitaka viwanja vya kujenga.

Hamu ya kula mboga nje ya msimu haikuondoka, ilihama tu. Leo Ulaya ikiganda, mishiri huchumwa Kirinyaga na kupandishwa ndege JKIA. Joto ni la jua letu, bure kabisa. Wachumaji wengi ni wanawake, na wengi hulipwa kwa kilo. Mishiri inatakiwa iwe nyembamba na iliyonyooka. Ya kupinda hukataliwa, na nyingine huishia kwa ng'ombe.