Mtaa wa Mkunazini na watu wa nyanda za Ruangwa na Nachingwea



Mkunazini ni mtaa wa Mji Mkongwe, Unguja, hatua chache kutoka soko la Darajani. Jina lake latokana na mkunazi, mti ambao majani yake tunaoshea maiti. Wengi wanaujua mtaa huu kwa sababu moja tu, kwamba hapo palikuwa na soko la watumwa. Makala haya yanaueleza mtaa ulivyokuwa katika karne ya 19, wakati Uingereza ilikuwa chini ya Malkia Victoria na sisi chini ya Masultani wa Kibusaidi. Yanaeleza pia watu waliouzwa hapo walitoka wapi, kwani masuala ya ndoa yanayotufikia kutoka Unguja na Pemba bado yana harufu ya soko lile.

Wengi wao walitoka kusini. Ruangwa na Nachingwea za leo ni wilaya mbili za Mkoa wa Lindi. Nachingwea yenyewe ilikuja kukua kuwa mji baadaye sana, Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947. Kabla ya hapo ilikuwa nchi ya vijiji vya wakulima, mto Mbwemkuru ukiwa kaskazini na Lukuledi kusini. Wenyewe ni Wamwera, na Wayao na Wamakua wakaingia na kukaa nao. Nchi hiyo ilikuwa na bahati mbaya ya kuwa baina ya Ziwa Nyasa na bandari mbili, Kilwa Kivinje na Lindi. Misafara ya pembe za ndovu na ya watu ilipita pande hizo, nao Wangoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, wakishuka kuteka. Aliyekamatwa shambani kwake alifungwa kongwa shingoni akatembezwa hadi pwani, pamoja na waliotoka mbali zaidi, upande wa ziwa. Huko pwani walibadilishwa kwa nguo za merikani, shanga na baruti.

Hesabu za forodha ya Kilwa zimebaki. Kati ya mwaka 1862 na 1867 walipitishwa hapo watu zaidi ya 90,000, na zaidi ya 76,000 kati yao waliletwa Unguja. Walioandikwa ni wale waliolipiwa ushuru. Waliokufa njiani hawamo, wala waliovushwa usiku.

Majahazi yakifika, wagonjwa mno mara nyingine waliachwa, kwa kuwa ushuru ulitozwa kwa kichwa. Wazima walipakwa mafuta, wakavishwa, wakapangwa Mkunazini alasiri ili wakaguliwe meno na viungo. Wengi walikwenda kwenye mashamba ya karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha karibu mikarafuu yote ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana baada ya hapo Pemba ikataka watu wengi zaidi.

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, manowari za Kiingereza zikimtishia kuzingira bandari. Soko likafungwa. Kabla ya mwaka kwisha, misheni ya Kianglikana ilikwishaweka jiwe la msingi la kanisa kwenye kiwanja kile kile. Vyumba vya chini wanavyooneshwa wageni leo vimo ndani ya jengo la hospitali ya misheni, lililojengwa baada ya soko kufungwa. Biashara yenyewe haikufa siku ile. Misafara iliacha majahazi ya Kilwa ikafuata pwani kwa miguu hadi kaskazini, kisha watu wakavushwa Pemba kwa siri, mpaka Seyyid Barghash akaipiga marufuku misafara hiyo pia mwaka 1876.

Mwaka huo huo kulikuwa na safari ya kurudi. Askofu Edward Steere aliwachukua watu wapatao hamsini na kitu, walioachwa huru na kukaa Mbweni, akawapeleka kwa njia ya Lindi wakielekea ziwani. Walifika Masasi, kusini ya Nachingwea, wakasema hapa panatosha, wakajenga. Mwaka 1882 Magwangwara waliwavamia huko huko, wakaua na kuteka. Fikirini mtu aliyetekwa mara mbili katika umri mmoja.

Walio wengi lakini hawakurudi. Amri ya Seyyid Hamoud ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa katika sheria, ingawa masuria waliachwa nje hadi mwaka 1909. Baadhi walikwenda mahakamani kuchukua hati, wengine waliondoka kimya kimya, wengine wakabaki mashambani kwa mapatano. Wengi walihamia Ng’ambo, upande wa pili wa hori, wakajenga nyumba za udongo, wakapeleka watoto chuoni. Wajukuu wao wamo katika safu zetu za Sala, na baadhi yao ndio wanaotusalisha.

Sasa suala lenyewe. Baba anauliza: posa imekuja, kijana ana dini na kazi, lakini babu yake “aliletwa”. Je, ana haki ya kukataa?

Tunajibu kwanza kwa historia hiyo hiyo. Mkulima wa Kimwera aliyeporwa shambani, au mtoto aliyeuzwa wakati wa njaa, hakuwa mateka wa vita halali kisheria. Alikuwa huru, na kumuuza huru ni batili. Imepokewa katika Sahihi al-Bukhari kuwa Allaah Atakuwa hasimu wa mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake. Waliouza na kununua Mkunazini wengi wao walikuwa Waislamu, na hilo hatulifichi. Basi aibu, ikiwa ipo, iko upande wa muuzaji.

Pili, ni kweli wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi’i walizingatia nasabu na uhuru katika kufu. Lakini walisema hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake, si sharti la kusihi ndoa; wakiridhia, ndoa ni sahihi. Na Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alimshauri Faatwimah bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usaamah, mtoto wa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Mwanzoni hakupendezwa, kisha akaolewa naye, na akaiona kheri yake.

Kwa hiyo tunamwambia mzee wetu aliyeuliza: muulize binti yako. Akiridhia, usimzuie kwa sababu ya babu wa watu.

Wa Allaahu a’lam.