Mabonde na vipito vya Mlima Kenya: Safari isiyotaka haraka

ASUBUHI isiyo na mawingu, mtu aliye juu ya jumba la KICC katikati ya jiji la Nairobi huweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini, umbali wa kilomita zipatazo 140. Akigeuka magharibi, ng'ambo ya mitaa ya Dagoretti na Karen, ataona Vilima vya Ngong. Wakazi wengi wa jiji hujifunzia kutembea milimani huko Ngong, kisha huutamani mlima ule mkubwa.

Kati ya sehemu hizo mbili kuna tofauti ambayo kila msafiri anapaswa kuielewa kabla ya kufunga mzigo. Kilele cha juu cha Ngong kina mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Njia yake hufuata mgongo wa vilima, ikipita penye mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme, huku Bonde la Ufa likionekana chini upande wa magharibi. Mtu huenda asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Mlima Kenya, kwa upande wake, una vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), ambavyo hupandwa na wajuzi wa kukwea miamba kwa kamba. Kilele cha tatu, Lenana (mita 4,985), hufikiwa kwa miguu. Vyote vitatu vina majina ya viongozi wa kidini wa Wamaasai.

JINSI MABONDE YALIVYOTOKEA

Mlima Kenya ni volkano iliyozimika zamani sana. Vilele vyake ni mabaki ya mwamba mgumu uliogandia ndani ya shina la volkano hiyo. Barafu nene iliyoufunika hapo kale iliteremka polepole na kuchonga mabonde mapana yenye kuta zilizosimama wima, ikaacha vijiziwa vingi vya maji baridi.

Kila moja kati ya njia tatu kuu za wapandaji hufuata bonde lake. Njia ya Naro Moru, kutoka magharibi, hupitia Bonde la Teleki, lenye jina la Samuel Teleki, mvumbuzi kutoka Hungary aliyefika huko mwaka 1887 bila kukifikia kilele. Njia ya Sirimon, kutoka kaskazini-magharibi, huingia Bonde la Mackinder hadi kambi ya Shipton, penye mita zipatazo 4,200. Njia ya Chogoria, kutoka mashariki, hupita juu ya Bonde la Gorges, na wengi huihesabu kuwa yenye mandhari mazuri kuliko zote. Chini kabisa ya bonde hilo kuna Ziwa Michaelson, lililozungukwa na magenge.

Katika mabonde hayo humea lobelia na senesio kubwa zinazompita mtu kimo. Mimea hiyo huvumilia jua kali mchana na baridi ya kugandisha maji usiku. Pimbi nao hukaa katikati ya mawe karibu na kambi.

VIPITO VYA JUU

Kipito ni sehemu iliyoinama kati ya vilele viwili, ambapo mtu huweza kuvuka kutoka bonde moja hadi jingine bila kukwea mwamba. Kwa kuviunganisha vipito hivyo, msafiri huweza kuvizunguka vilele vya katikati bila kutumia kamba.

Mtu anayeanzia Bonde la Teleki hupanda hadi penye vijiziwa viwili vya Two Tarn, akateremka katika Bonde la Hausberg, kisha akavuka kipito cha Hausberg (mita 4,590) na kushukia upande wa kambi ya Shipton. Kutoka hapo huvuka kipito cha Simba (mita 4,620), halafu kile cha Tooth (mita 4,720), ndipo akafika penye kibanda cha Austrian chini ya Lenana. Wenye nguvu huimaliza njia hiyo kwa siku moja ndefu. Aliye na busara huigawa kwa siku mbili au tatu.

HATARI YA KUFIKA UPESI

Mnamo Mei 1899, reli ilipofika Nairobi, mji wenyewe ulikuwa kambi tu. Miezi miwili baadaye, Halford Mackinder aliondoka hapo kwa miguu pamoja na wapagazi wengi Waafrika. Yeye na wenzake wawili, Ollier na Brocherel, walifika Batian tarehe 13 Septemba. Safari ndefu namna hiyo iliipa miili yao nafasi ya kuzoea hewa ya juu.

Siku hizi gari humtoa msafiri Nairobi, penye mita zipatazo 1,700, na kumfikisha Naro Moru kwa saa chache. Barabara huendelea hadi kituo cha hali ya hewa, mita 3,050. Anayelala hapo usiku wa kwanza na kulala Bonde la Teleki usiku wa pili huwa amepanda takriban mita 2,500 kwa siku mbili. Mwili wa binadamu haukuumbwa kwa mwendo huo. Kwenye kilele cha Lenana, kila pumzi huwa na zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni inayopatikana pwani.

Dalili za kwanza za maradhi ya mwinuko ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kukosa usingizi. Yakizidi, maji hujaa katika mapafu au ubongo huvimba. Kukohoa na kushindwa kupumua hata mtu akiwa ametulia, kupepesuka kama mlevi, au kuchanganyikiwa, ni ishara za hatari ya kifo. Tiba iliyo ya lazima ni kumteremsha mgonjwa mara moja, hata ikiwa ni usiku.

Wala afya njema si kinga. Kijana anayekimbia Ngong kila Jumamosi huugua kama mwingine yeyote, na pengine zaidi kwa kuwa hupanda upesi. Wataalamu hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, asizidishe mita 500 kati ya mahali alipolala jana na atakapolala leo, na apumzike siku nzima kila baada ya siku tatu au nne. Katika njia ya Sirimon, kulala usiku wa ziada katika kambi ya Old Moses (mita 3,300) husaidia sana. Katika njia ya Chogoria, wengi hulala karibu na Ziwa Ellis kabla ya kupanda zaidi.

MAANDALIZI

Miezi ya Januari na Februari, na ile ya Agosti na Septemba, huwa na mvua chache. Hata hivyo, mawingu hufunika vilele karibu kila alasiri, hivyo vipito huvukwa asubuhi. Nguo za baridi, koti la mvua, tochi na ramani ni vya lazima. Mtu asiende peke yake, na kiongozi anayeijua njia ana thamani kuliko kifaa chochote. Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS), ambalo makao yake makuu yako Lang'ata, ndilo linalosimamia mbuga hiyo iliyoanzishwa mwaka 1949.

Kuna jambo moja ambalo halitangoja. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya miaka ya 1934 na 2010. Mnamo mwaka 2022, UNESCO ilionya kuwa barafu za maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, ikiwemo ya Mlima Kenya, huenda zikatoweka kufikia mwaka 2050. Anayetaka kuiona asikawie kuipanga safari yake. Lakini akishaanza kupanda, aende polepole.