Kama hakuna roho, nani aende jela?

Mwambie Mswahili kwamba hana roho, atadhani unamtukana. Tunasema fulani ana roho mbaya, fulani roho juu, fulani roho ya korosho. Lugha yetu ilishakata shauri zamani: ndani ya mwili kuna mwenye nyumba.

Wabudha wanasema mwenye nyumba huyo hayupo. Na kuna mfalme aliyewabana hasa kuhusu jambo hili.

Karne ya 2 kabla ya Kristo, kaskazini magharibi mwa Bara Hindi, alitawala Menander, mfalme wa asili ya Kigiriki. Sarafu zake zipo mpaka leo, upande mmoja Kigiriki, upande wa pili lugha ya wenyeji. Wabudha wanamwita Milinda, na kitabu chao Milindapanha kinasimulia mahojiano yake na mtawa Nagasena. Wanazuoni wanaona kitabu kiliandikwa baada ya mfalme kufa, kwa hiyo usikisome kama kumbukumbu za kikao.

Nagasena alianza kwa kusema jina lake ni jina tu, hakuna mtu wa kudumu nyuma yake. Mfalme akaruka: basi atakayekuua hajaua mtu! Swali zito hilo, maana likikosa jibu, sheria yote imekwisha.

Mtawa akamuuliza alikuja na nini. Akajibu, gari la farasi. Haya, gurudumu ndilo gari? Hapana. Nira je? Hapana. Gari ni jina la vipande vilivyoungana vikafanya kazi pamoja. Mtu naye ni hivyo: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na fahamu. Vyote vinabadilika, hakuna kimoja kilicho "mimi".

Lakini mauaji je? Kwingine kitabuni Nagasena analeta kesi ya mwizi wa maembe. Mwizi anajitetea kwamba maembe aliyochuma siyo yale mwenye shamba aliyoyafukia ardhini. Ni kweli, siyo yale. Mfalme mwenyewe akakubali kwamba lazima aadhibiwe, kwa sababu haya yametokana na yale.

Sisi waandishi tunaozunguka mahakamani tunausikia utetezi huo kila mara kwa maneno mengine: mheshimiwa, nimebadilika, siyo yule wa zamani. Mbudha angemjibu: kweli umebadilika, lakini umetokana na yule. Deni linafuata mnyororo wa sababu na matokeo, halihitaji roho ya kulibeba.

Mimi bado naamini nina roho. Ila sikubaliani tena na wanaosema kwamba bila roho hakuna maadili. Watu hawa waliiondoa roho zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mwizi wa maembe hakuachiwa.

Mnasemaje wenzangu?