Dubu anapozuru makazi ya watu: Funzo la Port Hardy

DUBU hawapatikani porini Afrika siku hizi. Wa mwisho barani, wale wa milima ya Atlas kaskazini, walitoweka katika karne ya 19, na ndiyo maana wengi wetu humjua mnyama huyu kwa picha na hadithi tu. Kwa mkazi wa kisiwa cha Vancouver, magharibi mwa Kanada, mambo ni tofauti kabisa. Huko dubu ni jirani, na aghalabu ni jirani asiyebisha hodi.

Kisiwa hicho, ambacho ni sehemu ya jimbo la British Columbia, kina urefu wa takriban kilomita 450. Miji mikubwa imejikusanya upande wa kusini na mashariki. Kwingineko kuna vijiji na miji midogo ya wavuvi na wakata miti, iliyobanwa kati ya bahari na msitu mnene. Humo ndimo aishimo dubu mweusi, ambaye wanasayansi humwita Ursus americanus.

Jina lake lisimhadae msomaji. Wapo dubu weusi wenye manyoya ya kahawia, na katika pwani ya kati ya jimbo hilo wapo hata weupe. Dume mkubwa hupita kilo 200, ilhali jike huwa mdogo zaidi. Licha ya uzito huo, mnyama huyu hupanda mti kwa wepesi wa kushangaza na hukimbia kasi ambayo hakuna binadamu awezaye kuifikia.

Hata hivyo, chakula chake kikuu si nyama. Majira ya kuchipua hula nyasi na majani machanga. Maji yanapokupwa, dubu wa pwani huteremka ufuoni na kupindua mawe kwa makucha akitafuta kaa wadogo. Kiangazi huleta matunda ya porini, na majira ya kupukutika huleta samaki aina ya salmoni wanaopanda mito kwenda kutaga mayai.

Ni katika majira hayo ya mwisho ambapo mkasa huanza. Dubu anayejiandaa kwa usingizi wa msimu wa baridi huweza kula hadi kalori 20,000 kwa siku moja. Kilo moja ya matunda ya porini haifikishi kalori 1,000, na kuyachuma ni kazi ya saa nyingi. Kilo moja ya mbegu za alizeti zilizomenywa, ambazo watu huwatundikia ndege uani, ina zaidi ya kalori 5,000 na huliwa kwa dakika chache. Pua yake hunasa harufu ya chakula kutoka mbali, zaidi ya kilomita moja. Basi pipa la taka lisilofungwa, mitofaa iliyoachwa hadi matunda yakaoza chini, chakula cha mbwa barazani, banda la kuku, mizinga ya nyuki na jiko la kuchomea nyama lenye mafuta, yote humwita kwa sauti moja.

Wataalamu hutofautisha aina mbili za mazoea. Dubu aliyezoea watu hupita kando ya barabara bila kujali, na anaweza kuishi hivyo miaka mingi pasipo kumdhuru mtu. Dubu aliyezoea chakula cha watu ni jambo jingine. Huyo amekwisha kujifunza kwamba nyumba ni ghala. Leo atapindua pipa, kesho atavunja mlango wa banda, na hatimaye ataingia jikoni. Kumhamisha mara nyingi hakufui dafu, kwani dubu hukumbuka njia na huweza kurejea hata akipelekwa makumi ya kilomita. Asiporudi, hutafuta ghala jingine huko alikopelekwa.

Je, ni mnyama wa kuogopwa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihesabu watu 63 waliouawa na dubu weusi wa porini nchini Kanada na Marekani kati ya 1900 na 2009. Hao ni wachache kwa kipindi cha zaidi ya karne moja. La kushtua ni kwamba katika mashambulizi mengi kati ya hayo dubu alimwinda mtu kama windo, na mara nyingi alikuwa dume aliye peke yake; hakuwa mama anayetetea watoto, kama wengi wanavyodhani. Kwa hiyo anayekutana naye hushauriwa asikimbie wala asipande mti, bali arudi nyuma polepole huku akisema kwa utulivu na kumwachia njia ya kuondoka. Akishambuliwa, apigane kwa kila alichonacho.

Hesabu ya upande wa pili ni nzito zaidi. Mwaka 2023 pekee, maafisa wa uhifadhi wa British Columbia waliua takriban dubu weusi 600 walioonekana kuwa tishio.

Kisa kilichoifanya hesabu hiyo ijadiliwe ng'ambo ya Kanada kilitokea Julai 2015 karibu na Port Hardy, mji wa watu wasiozidi 5,000 katika ncha ya kaskazini ya kisiwa. Dubu jike alikuwa ameivamia friza ya nyama na samaki katika nyumba ya trela. Afisa wa uhifadhi Bryce Casavant alimuua, kwani mama huyo alikwisha kuonja na kurudia. Aliagizwa awaue pia watoto wake wawili. Alikataa. Hakuona ithibati kwamba wachanga hao nao walikuwa wamezoea chakula cha watu, hivyo akawapeleka kwa daktari wa mifugo, na kutoka huko wakafikishwa katika kituo cha kutunza wanyamapori cha Errington.

Afisa huyo alisimamishwa kazi, kisha akahamishiwa wizara nyingine. Maelfu ya watu walimtetea. Kesi ilivutana hadi Juni 2020, Mahakama ya Rufaa ya jimbo ilipobatilisha utaratibu uliotumika dhidi yake, ikisema kuwa mtu mwenye mamlaka ya uaskari kama yake alistahili kushughulikiwa kwa sheria ya polisi. Mahakama haikuamua iwapo watoto wa dubu walipaswa kuishi. Hilo lilikuwa limekwisha kujijibu: mwaka 2016, baada ya kulelewa mbali na macho ya watu, walirudishwa msituni wakiwa na alama masikioni.

Lakini friza ile ndiyo inayostahili kutazamwa zaidi kuliko bunduki. Sheria ya wanyamapori ya jimbo hilo inakataza mtu kuacha chakula au taka kwa namna inayoweza kuwavuta dubu, na mwenye nyumba anaweza kutozwa faini. Katika miji kadhaa ya jimbo, wakazi hutakiwa kutoa mapipa asubuhi ya siku ya kuzolewa taka, si usiku wa kuamkia siku hiyo. Vikundi vya kujitolea huwachumia wazee matofaa kabla hayajaanguka. Wafugaji wa kuku na nyuki huzungushia ua wa umeme, ambao ukiwekwa ipasavyo humfukuza dubu kwa mguso mmoja wa pua.

Uko pia upande wa msitu wenyewe, usiotajwa sana. Dubu wa kisiwa hicho hulala msimu wa baridi ndani ya miti mikubwa yenye uwazi, hasa mierezi mikongwe, au chini ya visiki na magogo yake. Humo jike huzaa Januari au Februari, kwa kawaida watoto wawili, kila mmoja akiwa na uzito usiofika nusu kilo. Mti wa namna hiyo huchukua karne kadhaa kukua hadi ukawa na nafasi ya kumhifadhi mama na wanawe, ilhali misitu ya kupandwa hukatwa kabla ya kufikia umri wa miaka 100.