Abdulrazak Gurnah: Kutoka Unguja hadi Tuzo ya Nobel

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Baada ya Mapinduzi ya 1964 alikimbilia Uingereza akiwa kijana, akasoma Canterbury na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982. Alifundisha Bayero, Nigeria, kisha Kent hadi alipostaafu.

Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987. Ya nne, Paradise ya 1994, ndiyo iliyomtangaza, ikafika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Humo Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, asijue kuwa baba yake amemweka rehani kwa deni. Kupitia macho yake msomaji anaziona safari za misafara ya bara na ujio wa Wajerumani. Afterlives ya 2020 inarudi kwenye zama hizo za vita na askari.

Mwaka 2021 Gurnah alitunukiwa Nobel ya Fasihi, Mtanzania wa kwanza kuipata. Mwaka uliofuata Paradise ilichapishwa Dar es Salaam kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis; hadithi ya pwani ikarejea katika lugha ya wenyewe.